Mtori Niliompa Mbwa

Bwana asifiwe, wapendwa! Naona wengine mmeitikia kwa kunong'ona. Bwana asifiwe! Haya, asanteni. Mimi ni Mama Elisha, nauza nguo za mtumba Kiboriloni, na wengi mnanijua kwa mdomo wangu. Leo mdomo huu una kazi nyingine.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa wivu. Sisemi wivu kidogo. Wivu wa kunikondesha!

Nilijifungua mwezi mmoja na Ndeshi, mke wa shemeji yangu, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Mimi nikapandishwa huku juu mlimani kwa mama mkwe, nitunzwe uzazi. Desturi yetu mnaijua. Mzazi hashiki jembe wala mwiko. Ni kulala, kunyonyesha na kuletewa mtori, ndizi na nyama zilizopondwa mpaka zikalainika, mafuta yakielea juu. Miezi mitatu ikiisha unatoka umenawiri, mashavu yanang'aa, na watu wanamsifu mkweo.

Lakini kitandani nilikuwa na simu. Wiki ya tano Ndeshi akaposti picha. Gauni jekundu la kubana, tumbo limelala kama la binti wa kipaimara. Watu wakamwagia mioyo, wakauliza kama kweli huyu amezaa. Mume wangu naye ameweka moyo. Mume wangu! Nami nikabonyeza wa kwangu, meno nimeyauma. Kisha nikaikuza ile picha kwa vidole, nikatafuta kasoro shingoni, kiunoni, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sikuiona hata moja. Nikafunua kanga, nikatazama tumbo langu lililolegea, nikalichukia. Tumbo lililombeba mwanangu! Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo nikaacha mtori. Mama akileta bakuli, nasema, "Asante mama, acha upoe kwanza." Akitoka tu, namwita mbwa dirishani. Wiki tatu nilishindia maji ya limau na chai ya rangi, tumbo nimelikaza kwa kanga hadi kupumua ni shida. Kila asubuhi najipiga picha, naifananisha na ya Ndeshi, naifuta.

Ndugu zangu, kilichopungua kwanza ni maziwa. Elisha ananyonya, anaachia, analia. Tulipompeleka kliniki, uzito umeshuka. Muuguzi akaniuliza kama nakula. Nikajibu nakula vizuri, na mama mkwe amesimama pale pale, amembeba mtoto.

Kumbe wageni waliokuja kumwona mtoto walishaanza kusema kwamba mama mkwe ananinyima chakula. Yule mama alikuwa anabeba aibu yangu, mimi sijui. Siku ya pili yake alinipa bakuli, akatoka, halafu akarudi kwa sababu alisahau kijiko. Akakuta kichwa cha mbwa kimezama ndani ya mtori. Na mbwa mwenyewe amenenepa, manyoya yanang'aa kama mzazi aliyetunzwa! Chekeni tu. Siku ile sikucheka.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alikaa chini sakafuni, akanishika miguu.

"Mwanangu, nimekukosea nini? Kama kuna neno nilisema, nisamehe. Nichukie mimi, ila kula. Mtoto anakwisha."

Alidhani namchukia yeye! Mwanamke anayenichagulia ndizi mgombani kila asubuhi ananiomba msamaha kwa kosa langu mwenyewe. Hapo ndipo Bwana aliponivunja. Nililia, nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya Ndeshi. "Mama, ni hii. Ni wivu."

Aliitazama muda mrefu, akashika kichwa. "Mae! Huyu mtoto amekonda hivi? Nani anampikia?"

Ndugu zangu, picha niliyoionea wivu, yeye aliionea huruma! Tukapiga magoti, tukaomba. Akaniletea bakuli jingine, nikala huku nalia, naye akalilinda dirisha.

Jioni akampigia Ndeshi, akamwuliza swali lile lile. Ndeshi akaangua kilio. Alikuwa peke yake na mtoto kutwa nzima, anakula mkate mkavu. Wiki haikuisha, mama alikuwa amemwita nyumbani. Tukawa wazazi wawili chini ya paa moja.

Sitawadanganya. Siku ya kwanza mama alipomwekea Ndeshi mnofu mkubwa kuliko wangu, wivu ulinichoma tena! Nikaomba hapo hapo, kijiko mkononi. Bado naomba. Lakini siku zile Ndeshi akichoka, mimi ndiye niliyemlaza mtoto wake, na leo ameketi pale karibu na kwaya, ananicheka.

Dada yangu unayeikuza picha ya mwenzako ukijichukia, njoo kwa Yesu jinsi ulivyo, na tumbo lako hilo hilo. Mwamini. Mimi amenitoa.

Namshukuru Bwana, namshukuru mama mkwe wangu. Na Elisha huyu hapa. Mpokeeni, mpitisheni mikononi mpaka benchi la nyuma, kila mmoja ambebe kidogo. Shikeni vizuri, jamani, ni mzito.