Royston Thackray na Ukaguzi wa Mashanta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja na jina moja: Royston Thackray. Fundi mstaafu wa mabasi. Mume wa Hazel. Alifariki dunia Jumamosi, mlimani, katikati ya matembezi ya hisani ya kikundi chetu. Wengi wenu hapa bondeni mlimfahamu kwa gwanda la sufu na buti za misumari, kwa kuwa kila kiangazi alituongoza sisi tunaoigiza askari wa vita vya babu zetu.

Alizaliwa hapa hapa Askerdale, katika vyumba vilivyo juu ya bucha la baba yake. Baba huyo alirudi kutoka vitani na hakuwahi kusimulia aliyoyaona. Siku moja Royston alilikuta darini shanta lake, mkoba wa mgongoni wa kijeshi, tope la nchi ya mbali likiwa bado limeganda kwenye mikanda. Tangu siku hiyo alitaka kujua uzito ambao baba yake aliubeba. Ndiyo maana hakuvumilia mzaha katika vifaa.

Kabla ya kila safari ulikuwepo ukaguzi. Tulijipanga kando ya ukuta wa mawe na kufungua mashanta. Chochote ambacho hakikuwepo wakati wa vita kilitupwa ndooni. Saa ya betri, ndooni. Chupa ya plastiki, ndooni. Derrick, mwoka mikate mwenye wajukuu, aliwahi kuvuliwa soksi.

“Kijana,” Royston alimwambia, “askari gani wa mwaka arobaini na nne alivaa soksi zenye picha ya panda?”

Dawa, hata hivyo, ziliruhusiwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa: dawa ziliruhusiwa siku zote. Ilitosha kumnong’oneza mkaguzi.

Mwaka huu tulitembea ili kuichangia nyumba ya wagonjwa iliyomtunza kaka yake Royston, Neville, hadi pumzi ya mwisho. Na mwaka huu Royston aliukabidhi ukaguzi kwa Philippa Garside, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye yeye mwenyewe alimfunza kazi hiyo. Alimwagiza mbele yetu asimwonee mtu haya, hata yeye.

Philippa akaanza na yeye. Katika mfuko wa pembeni wa shanta alikuta kichupa cha plastiki cha kupuliza, kisicho na maandishi. Akakiinua juu. Tulishangilia kama watoto. Mkaguzi mkuu amenaswa. Derrick alisema alikuwa akiingoja siku hiyo tangu miguu yake ipigwe na baridi. Philippa alimuuliza Royston kichupa ni cha nini.

“Cha kinywa, binti. Nimekula vitunguu, nawahurumia nyie mtakaotembea karibu yangu.”

Tukacheka zaidi. Kichupa kikaingia ndooni, ndoo ikaingia katika gari la mizigo lililotusindikiza.

Hakikuwa cha kinywa. Kilikuwa cha dawa ya moyo. Royston alificha ugonjwa wake kwa sababu aliogopa tungempandisha garini, naye alitaka kutembea kwa miguu yake kwa ajili ya Neville.

Juu ya mwinuko, penye lango la kondoo, aliketi majanini. Uso wake ulikuwa kama jivu. Mkono wake ulipapasa mfuko wa pembeni, ukapapasa tena, na hapo tukaelewa. Gari lilikuwa limezunguka kwa barabara, upande wa pili wa mlima. Derrick alikimbia kulifuata. Tuliobaki tulimfungua vifungo, tukambonyeza kifua kwa zamu. Helikopta ya waokoaji ilimkuta amekwisha kutuaga.

Jumapili tulikwenda kumpa pole Hazel. Alimweleza kila aliyeingia jambo moja: Royston alisahau dawa, na yeye, mkewe, hakumkagua mfukoni asubuhi ile. Alilirudia kwa jirani. Alilirudia kwa mchungaji. Sisi tuliojua ukweli tuliyatazama mazulia. Tulinyamaza, sote, tukamwacha mjane abebe kosa lisilo lake.

Philippa akaweka kikombe chini.

“Mama Hazel, hakuisahau. Mimi ndiye niliyeitoa. Alisema ni ya kinywa, lakini niliuona mkono wake ukiifuata. Niliuona, na nikaendelea kucheka.”

Hazel alimgeukia.

“Kwa hiyo aliibeba,” alisema. “Aliniahidi ataibeba, akaibeba.”

Ndipo akalia. Dada yake, Beryl, anasema hakuwa ametoa chozi tangu apewe habari. Philippa alipoanza kuomba msamaha, Hazel alimkatiza.

“Siwezi kukuambia si kitu, mwanangu. Ni kitu. Usiniombe leo. Lakini usiondoke.”

Akamvutia kiti.

Hazel mwenyewe ametuomba tuyasimulie haya redioni, pamoja na ukimya wetu. Kwake, kwa Beryl, na kwa ukoo wote wa Thackray, tunatoa pole zetu za dhati. Mungu awape nguvu ambayo sisi hatukuwapa.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini pamoja nasi ni mara ngapi kicheko cha wengi kimemnyima mtu mmoja nafasi ya kusema kweli. Sisi tulimnyima Royston Thackray. Tulikuwa wengi, tulimpenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mara ya pili.