Kibandiko cha Namba Sita

Kwenye treni ya jioni, dada mmoja fundi wa kompyuta alikuwa akicheka peke yake, mpaka mama mshonaji aliyekaa naye akavuta kikapu chake karibu. "Usiogope, mama," dada akasema. "Nimeponea chupuchupu kufukuzwa kazi."

Kazini kwao, akaeleza, kuna mashine yenye kadi nane zinazofanya hesabu za akili bandia. Kadi ya sita ilikuwa ikikosea kila ikipata moto, na bosi akashikilia kwamba kosa liko kwenye programu ya dada. Alimpa mpaka leo alirekebishe, la sivyo kazi hana. Asubuhi dada akabadilisha nafasi za kadi ya sita na ya pili. Ile nzima ikaanza kukosea palepale pa sita, na ile mbovu ikapona! (Mimi nilijifanya nasoma gazeti; ukurasa uleule tangu tuondoke.)

"Basi ubovu uko pale mahali, si kwenye kadi," akasema mama.

"Ndiyo! Nikachungulia nyuma. Mtu kabandika karatasi ya namba sita juu ya matundu ya hewa, joto halitoki. Nikaibandua."

"Mjinga gani huyo?"

"Mimi, mama."

Mama akacheka akishika mbavu. "Bosi umemwambia?"

"Nimemwambia lilikuwa joto; karatasi sikuitaja."

"Hiyo ni nusu, mwanangu. Kesho kammalizie."

"Kaniomba radhi mbele ya watu wote! Nimharibie siku?"

"Utamwambia."

"Simwambii ng'o!"

Treni ikasimama. Dada akashuka akipiga mluzi, na kwenye kiwiko cha koti lake kibandiko cha namba sita kimeng'ang'ania. Akilivaa kesho, bosi hatahitaji kuambiwa.