Jaji na Kitabu Kisicho na Jalada

Benchi letu liko Bukiriro, kijiji cha mpakani, mbele ya karakana ya Ciza, fundi seremala aliyevuka kutoka Burundi na randa moja mkononi. Deodata anauza kahawa hapohapo. Mwaka ule wa tisini na tano magari ya misaada yalitupakaza vumbi kutwa, yakiajiri kila mtu isipokuwa mimi, mwenye digrii ya fasihi. Na Digrii ndilo jina walilonibandika, kwa dhihaka. Ijumaa moja nikamaliza kuwasomea kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kwenye robota la mitumba. Ndani yake karani anarudi kwao baada ya miaka ishirini, familia inamhamishia chumba cha magunia, inamtengea sahani yake peke yake, hadi siku anaondoka na hakuna anayegundua.

Sikukichagua bure. Protasi, tunayemwita Jaji kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, alikuwa na kaka yake, Idefonsi, aliyeoa ng'ambo ya mpaka akarudi na wakimbizi. Tangu arudi analala ghalani, wala migomba ya urithi haitajwi. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, anamiminiwa kwenye kikombe chake, huku kibuyu cha nyumba na mrija wake vikizunguka kwa wengine. Kesho yake alikuwa aende kambini kujiandikisha. Mzaliwa wa Bukiriro, mkimbizi wa Bukiriro.

– Kosa ni la karani, Jaji akahukumu. Mtu harudi bila barua.

– Barua angemwandikia nani, mzee, wakati walishamfuta? Dhamira hapa ni alienation, mtu kugeuzwa mgeni kwao. Nyumba ndiyo inayoumwa.

– Nyumba inayoumwa inalazwa wapi, Digrii? Wodi gani?

Ciza akasema wasomi hatujui kusoma. Oya, hapana, karani alifia njiani. Aliyerudi ni mzimu, ndiyo maana sahani ilikuwa yake peke yake. Deodata akampita: familia nzima ndiyo mizimu, karani ndiye pekee aliye hai, kwa hiyo hawamwoni. Jaji akafurahi, akaifuta kesi, kwani mizimu haishtakiwi.

– Lakini mizimu haigombei migomba ya urithi, nikasema.

Jaji akaacha kucheka.

Hapo Idefonsi akatokea na furushi begani. Alitaka kulala karibu na kambi aiwahi foleni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba kahawa. Deodata akainamisha birika, likatoa tone moja na masimbi. Idefonsi akakaa juu ya furushi, akakitazama kitabu.

– Nimewasikia tangu kule kona. Huyo karani wenu, mrija alipewa?

Nikafungua kurasa kama nitakuta jibu. Miaka mitatu ya chuo kikuu, my friend, na bado napekua. Ciza akaigeuzageuza randa yake.

Jaji akainuka. Akavuka barabara hadi kwa Nyirabahizi mpika rubisi, akarudi na kibuyu kimoja, mrija mmoja. Akavuta kwanza, kama afanyavyo mwenye nyumba. Kisha akampa kaka yake mrija ule, na hakuufuta.

– Kunywa, mkubwa wangu. Migomba yako ipo. Nimekuwa nikiila mimi.

Idefonsi akanywa, kibuyu kikikoroma. Akampa Ciza, Ciza akanipa mimi, na hakuna aliyefuta.

Jaji ndiye aliyebeba furushi kurudi nalo nyumbani, sisi nyuma yake, katikati ya barabara, Deodata akipiga birika tupu kama ngoma. Lori la misaada likatupigia honi tulipishe.

Halikupishwa.