Karani Aliyeandikiwa "Uchovu"

Waombolezaji, familia imenituma nisome, na imeniambia nisilainishe chochote.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 katika zahanati ya reli, mtoto wa pili kati ya watano wa mama mkunga na baba mpiga chapa, akasoma shule ya msingi toka 1982 hadi 1988, kisha sekondari hadi 1992, na mwaka 1995 akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu za afya.

Tarehe 3 Julai 1996 aliajiriwa masjala ya hospitali, chumba chenye dirisha moja na rafu zinazogusa dari, kazi yake ikiwa kusoma mafaili ya wagonjwa na kuupa kila ugonjwa namba yake. Aliolewa na fundi saa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2000 na 2004.

Mwaka 2013 usingizi ulianza kumwangusha mchana kweupe, kalamu mkononi, kijiko mdomoni, na wenzake ofisini wakambandika jina la Pono, samaki anayesifika kwa kulala, wakampiga picha mate yakimtoka, nasi nyumbani, tusijisafishe, tukamwita mvivu mbele ya wanawe.

Alikwenda kwa daktari wa hospitali yake mwenyewe, ambaye bila kuinua macho aliandika neno moja, uchovu. Dada alimwomba kwa adabu, "Daktari, naomba uandike usingizi wa mchana uliopita kiasi, na kwamba mume wangu huona pumzi zikinikatika nikilala. Ukiandika uchovu, namba yake hainifikishi kwenye kipimo."

Akajibiwa, "Karani, usinifundishe kazi."

Alirudi mara nne, neno likawa lile lile, na kila mara faili lilishuka masjala, na ni yeye aliyelitia namba ya uchovu kwa mkono wake, maana karani huandika kilichoandikwa, si anachokijua.

Tarehe 14 Februari 2017 mkuu wa masjala alimfukuza kwa kulala kazini, akishika faili hilo hilo na kusema, "Hapa hakuna ugonjwa."

Mwaka 2020 daktari mwingine, mwanamke, katika hospitali ya jirani, alimsikiliza, akaandika kila alichoambiwa, akampeleka kwenye kipimo, kikaonyesha pumzi zikikatika mara arobaini kwa saa. Dada aliisoma karatasi ile taratibu, akasema, "Kumbe naandikika." Alipewa mashine ya kumsaidia kupumua, lakini moyo ulikwisha kuharibiwa na miaka ya pumzi kukatika, akafariki tarehe 17 Mei 2021, saa nne asubuhi, kitini, mumewe akidhani amesinzia.

Tunamshukuru daktari huyo, majirani waliombeba, na mtunza bustani wa hospitali aliyofanyia kazi, ambaye kwa miaka minne alikuwa akigonga kioo cha dirisha kumwamsha kila alipomwona mkuu anakuja. Uongozi wa hospitali hiyo iliyomfukuza umeleta barua ukiomba nao ushukuriwe, na barua tumeipokea.

Dada, pumzika sasa, hakuna tena wa kukugutusha.