Lella Rudieni Anavua Joho

Ndiyo hivyo, wenzangu, kama tulivyokuwa tukisema juzi kwenye ngazi huku tukifuta macho: anaondoka kweli. Tarehe thelathini Juni, Jaji Mongia Ayachi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Miaka ya mwisho ameongoza jopo letu la rufaa, lile linalopima kama faili la jinai liende mbele au lirudi lilikotoka. Nimeombwa niandike mimi, karani wa kuchapa, ingawa nimeolewa majuzi tu na kila ninachokigusa kinaninukia maua ya michungwa. Mtanivumilia.

Lella Mongia, yaani Bibi Mongia kwa lugha ya heshima, alizaliwa Kairouan, kwa mama mfumaji wa mazulia, na kwa mama alichukua tabia iliyowatoa jasho polisi wengi. Fundo likikosewa, anafumua mpaka pale lilipokosewa, hazidishi, hapunguzi. Akikuta utaratibu umerukwa, aliuliza jambo moja: je, kosa hili limemnyima mtu nafasi ya kujitetea? Muhuri uliopinda aliuacha upite. Lakini kosa lililomuumiza mtu alilibatilisha, pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Vituoni, kwa kuchoka kuambiwa "rudieni", wakambandika jina, Lella Rudieni. Alipolisikia alicheka mpaka kahawa ikamwagikia joho.

Miaka mitatu iliyopita lilikuja faili la seremala kijana, Anis Zouari, aliyeshtakiwa kuiba bangili ya dhahabu dukani kwa sonara Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed. Polisi waliingia kwao Anis hayupo. Hawakuchukua shahidi wala mwanamke mwaminifu wa kupekua vitu vya wanawake, kama sheria inavyotaka. Wanaume peke yao wakafungua sanduku la nguo la mama yake mjane. Wakapata bangili. Anis akakamatwa, akawekewa bangili hiyo mezani kituoni, hakuambiwa kwamba ana haki ya wakili, akaambiwa kama si yeye basi mwizi ni mama yake. Akatia saini maungamo. Jela ilikuwa inamngoja.

Siku ya shauri, mwendesha mashtaka alijaribu kupatana. "Mheshimiwa, futa maungamo, lakini upekuzi tuachie. Bangili haisemi uongo."

"Bangili haisemi lolote, Si Taoufik. Anayesema ni aliyeileta, na huyo aliingia vibaya."

Uamuzi niliuchapa mimi: upekuzi batili, maungamo yaliyotokana nao batili, malalamiko ya sonara yabaki, uchunguzi urudiwe. Mji ukachemka. Si Lamjed alimsimamisha kwenye korido mbele yetu sote. "Lella, mali yangu imeonekana! Mnamwachia mwizi kwa sababu ya karatasi?"

"Sijasema si mwizi. Nimesema hajaulizwa ipasavyo. Wewe ukishtakiwa kesho, utapenda uulizwe vipi?"

Soko zima lilimnunia. Muuza samaki wake wa siku zote alimpa kisogo. Yeye akanunua kwa jirani yake, akarudi kazini, akafungua faili linalofuata.

Uchunguzi ukarudiwa, safari hii wakili akiwepo. Na mama yake Anis, Khalti Bahija kama tumwitavyo kwa heshima, ambaye polisi wa mwanzo hawakumuuliza hata neno, akaulizwa. Akasema bangili ni ya mahari yake, ilitengenezwa Sfax, na alama ya fundi iko kwa ndani. Si Lamjed, ambaye naye hakuwa ameonyeshwa bangili hiyo hata siku moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akaitafuta alama kwa ndani.

"Hii si kazi ya mkono wangu," akasema.

Anis alipokuja ofisini kuchukua nakala ya hati ya kuachiwa, nilimsogezea kalamu. "Nisomee kwanza, dada," akaniambia. "Siku hizi saini naziogopa." Nikamsomea neno kwa neno, polepole kuliko ilivyohitajika, na macho yale, jamani! Mpaka hapo alikuwa jina tu kwenye faili. Leo ni mume wangu, na kila asubuhi nikimwona akichonga mlango wa mtu huku akiimba, namkumbuka mwanamke aliyekataa kurudi nyuma.

Ameacha mengi. Mahakimu vijana wamejifunza kwake kwamba kubatilisha si kumpendelea mshtakiwa. Na kituo kile hakitoki tena kwenda kupekua mpaka askari wa kike ameketi garini.

Lella Mongia, asante kwa kila faili ulilotufanya turudie. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na miaka mirefu yenye raha.

Na kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Anis tutakuja kwako na sinia la makrudhi, vile vitafunio vitamu vya tende. Khalti Bahija atakuwa nasi, bangili mkononi. Tutabisha hodi, Lella, na tutangoja ufungue.