Aliyempa Taisto Miguu Hii

Kituo cha mafuta cha Isokyrö, mashambani Finland, kina benchi moja dirishani, na kikombe cha pili cha kahawa ni bure, ndiyo maana wazee hawabanduki. Asubuhi ile Taisto, seremala waliyembandika jina Nyundo, alishika kikombe kwa mikono miwili, maana mmoja ulitetemeka. Jana daktari wa mjini Vaasa alimweleza yote kuhusu ugonjwa unaomdhoofisha miguu. Leo, liwalo na liwe, angemwambia binti yake Hilkka, aliyekuwa njiani kuja kumchukua. Aliogopa, lakini alishaapa.

— Ni sauna hiyo, alisema Dizeli, fundi wa matrekta. Umejipika kwenye mvuke miaka sitini, misuli imeiva.

— Wacha wee! alidakia Askofu, mwimbaji wa kanisani. Ni mbweha. Ukiwafuga, kama wengi hapa, ule uvundo unaingia mifupani.

— Mimi sijafuga mbweha.

— Jirani yako alifuga. Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

— Hiyo inahusu nini mbweha?

— Kwani mbweha hawana manyoya?

Taisto alikohoa, kahawa ilimpalia tena.

— Ni ugonjwa wa kurithi, alisema. Vipokezi vya homoni ya kiume vina kasoro. Homoni ikiingia humo, inaua neva za misuli.

— Yaani uanaume ndio unakumaliza? Dizeli alicheka. Basi mimi nazikwa kesho!

— Wewe utatuzika sote, alisema Askofu. Lakini Nyundo, kurithi haiwezekani. Shamba lenu la Kalliola nalijua mpaka babu wa babu yako. Madume matupu! Baba yako alibeba gunia la shayiri kila kwapa.

Mlango ulifunguka. Hilkka aliingia akikung'uta theluji, mkono juu ya tumbo lake la miezi saba.

— Mnabishania nini tena?

— Miguu ya baba yako, alisema Askofu. Kalliola hajawahi kutoka kiwete.

— Na bibi, mama yake baba, alitoka shamba gani? Kaka zake walitembeaje?

Dizeli alimtazama Askofu. Askofu alitazama birika, nalo lilikuwa tupu. Bibi harusi huja na sanduku lake, nani huuliza habari za kaka zake? Taisto alimkumbuka mjomba mmoja tu, aliyekaa kitini kila harusi wenzake wakicheza.

— Keti, mwanangu, alisema Taisto. Kasoro hii niliirithi kwa mama, na baba huwapa binti zake tu. Kaka yako sikumpa kitu. Wewe ndiye niliyekupa. Mwenyewe huenda usiumwe kamwe. Lakini huyo uliyembeba, kama ni wa kiume, anaweza kurithi.

— Ni wa kiume, baba.

Taisto aliweka kikombe chini.

— Basi twende Vaasa kwa daktari leo hii. Sote wawili.

Dizeli alinyoosha mkono kumwinua. Taisto aliusukuma, akaushika wa binti yake, akasimama.