Mashine ya Macalder na Mlio Wake

Sogeeni karibu, wanangu, na mlango uacheni wazi upepo wa ziwa uingie, kwa maana nina maneno mengi na pumzi chache, na la kwanza si la shamba wala la ng'ombe, ni la jambo nililoishi nalo tangu ujana wangu bila kulipatia jibu: kwa nini ile mashine yangu ya muziki, kila nikiizima, spika hupiga pah! kama mtu aliyebamiza mlango kwa hasira.

Chekeni tu. Mzee Mniko, wewe uliyeketi hapo uwe shahidi wa maneno yangu, unaujua mlio huo kuliko wote. Ulinialika kwenye harusi ya binti yako kule Kuria, miaka ile ng'ombe walipokuwa wakivushwa mpaka kwa bunduki, na nilipoizima mashine ili mchungaji aombee chakula ikalia pah, vijana wako wakakimbilia zizini na mikuki, na wewe baba wa bibi harusi ukaingia chini ya meza ya keki. Ulipotoka una keki kwenye ndevu ukaniambia, "Osoro, ukitaka ng'ombe wangu, waibe kimya kimya." Tangu siku hiyo wewe ni ndugu yangu.

Baba yangu aliipata Macalder, mgodi ulipofungwa na vitu vya klabu ya wachimbaji vikatawanywa. Wenzake walibeba viti na vitanda, yeye akarudi hapa Muhuru na sanduku la chuma lenye vali za glasi, watu wakimcheka kwamba ameleta taa zisizomulika. Mimi nikairithi. Imeimba harusi na matanga na mikutano ya injili hadi Homa Bay, na hata tukaivusha kwa boti hadi Takawiri, binti yangu Mourine akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga. Nami kila mwaka nikautafuta ule mlio. Nilishusha sauti hadi chini kabisa kabla ya kuzima, ikalia. Nikachomoa maikrofoni zote, ikalia. Nikabadilisha spika, nikabadilisha vali moja baada ya nyingine, ikalia vilevile. Fundi mmoja wa Kisumu aliniambia ni uzee, mwinjilisti mmoja akaiwekea mikono, na Mniko akasema ni mchimbaji aliyefukiwa Macalder anayegonga atolewe. Sikumbishia yeyote, kwa sababu nilikuwa sina jibu langu.

Sasa nisikilizeni vizuri, Mourine na Levi, maana mnajua ninakoelekea na kila mmoja ameshaanza kuangalia ukuta wake.

Siku tulipomzika mama yenu, Leonida wangu, kwaya ilikuwa ikiimba kwenye maikrofoni, jeneza limefika kaburini, na mchungaji akainua mkono ili tunyamaze. Levi, uliinama ukachomoa waya wa spika, mashine bado inaimba. Ulitaka mlio ule usimpigie mama yako usoni. Lakini mashine ya vali ikiimba bila spika ni kama ng'ombe mwenye maziwa tele asiyekamuliwa, nguvu hukosa pa kutokea na humrudia mwenyewe. Transfoma ikaungua mbele yetu, moshi ukafuka juu ya maua. Nawe Mourine ukapaza sauti, waombolezaji wote wakisikia, "Umeiua mashine ya Baba ili watu wakodi mashine zako za Homa Bay!" Naye akakujibu, "Nyinyi mnapenda chuma kuliko Mama." Akaondoka. Hakutupa udongo kaburini, hakula chakula cha matanga, na hajaukanyaga ua huu hadi leo asubuhi nilipomwita.

Nimewasikia watu wakisema Levi ana kiburi. Nimewasikia wengine wakisema Mourine ana ulimi. Mimi niliyewalea nasema hivi: mmoja alichomoa waya kwa kumpenda mama, na mwingine akapiga kelele kwa kunipenda mimi, na mapendo mawili yaligongana pale kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Sikusema siku ile, kinywa kilikuwa kimejaa kilio. Nasema leo. Na jambo jingine ambalo hamkulijua, kwa kuwa mlikuwa watoto mkilala mapema: mama yenu aliupenda ule mlio. Nilipopiga muziki hapo ufukoni, yeye alikaa jikoni na maji yakichemka, na akisikia pah alisema, "Jaduong', mzee wangu, amefunga," ndipo anatia unga. Sikuwahi kula ugali uliopoa katika ndoa yangu. Kwa hiyo, Levi nyathina, mwanangu, hukumkosea kwa kutaka kumficha mlio, lakini ungemwacha ausikie angejua tu kwamba nimemaliza kazi nakuja nyumbani.

Usilie. Au lia, lakini usinikatize.

Transfoma ilisukwa upya na Motari, yule msukaji wa mota mjini Migori, aliyehesabu mizunguko ya waya ulioungua kwa subira ya mtu anayechambua omena, wale dagaa wa ziwani. Ilirudi ikaimba, na nilipoizima, pah. Nilifurahi kama mtu aliyesikia kikohozi cha rafiki. Motari nina deni lake, si la fedha, hiyo alilipwa. Nilimwahidi jogoo mwekundu na sikumpeleka. Mpelekeeni.

Sasa juzi. Mourine alikuwa amenichezea nyimbo za zamani, mashine ikiwa imechomekwa hapo ukutani kwa mara ya kwanza tangu tulipoletewa stima, na katikati ya wimbo stima ikapotea, kama kawaida yake. Mourine akadhani nimelala kwa sababu nilifumba macho. Sikulala, mama. Nilikuwa nasubiri pah. Na pah haikuja.

Ndiyo maana nikamwita ndugu yako. Levi, nenda kwenye ile soketi. Mashine inawaka tangu mlipoingia, vali zimeshapata joto. Usiguse swichi yake yenyewe, zima pale ukutani.

Mmesikia? Hamkusikia kitu, na hicho ndicho nilichotaka mkisikie.

Washa tena, tungoje taa zake ziwe nyekundu. Sasa Mourine, izime kwa swichi yake mwenyewe. Mniko, keti.

Pah! Ndiye huyo, rafiki yangu. Keti, Mniko, hakuna aliyekuja kuchukua ng'ombe.

Unasema nini, Levi? Paza sauti. Mourine naye amekuuliza kitu, basi mjibu yeye, usinijibu mimi. Mimi naondoka, yeye anabaki. Ndiyo. Mwambie. Eeh... kwamba swichi inapoachana inaruka cheche ndani yake, na cheche hiyo ndiyo inayopiga kelele hadi kwenye spika. Kwamba ya ukutani iko mbali, haiudhi. Kwamba dawa yake ni kapasita ndogo, ile maalumu ya stima ya ukutani, inayofungwa kwenye swichi ili iimeze cheche. Naye anauliza kama itafaa swichi iliyochakaa hivi, nawe unasema swichi pia ibadilishwe. Endeleeni. Sijawasikia mkiongea hivyo tangu mazishi, na sijui ni lipi linalonifurahisha zaidi, jibu au hayo mabishano yenu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Maisha yangu yote niliizima mashine kwa swichi hiyohiyo, kisha ndipo nazima jenereta, maana baba yangu alinifundisha usiikate jenereta kabla ya mashine, na nilijivunia kwamba petroli haijawahi kuniishia katikati ya kazi ya watu. Uangalifu wangu ndio ulionificha jibu. Ningezembea siku moja tu ningelijua. Lichukueni hilo, wanangu, mtakapotafuta kosa: msitazame tu pale mnapokosea, tazameni na pale mnapojisifu hamkosei.

Nipe maji. Kidogo tu.

Basi wosia ni huu, Mniko anasikia. Boma hili na shamba la juu ni la Levi. Shamba la mihogo, lile linaloshuka hadi ziwani, ni la Mourine, na atakayesema binti aliyeolewa hana fungu kwa baba yake aje anibishie sasa, nikiwa bado napumua. Akisubiri nife atabishana na Mniko, na Mniko hachoki. Ng'ombe mgawane kwa kupatana, na msipopatana waulizeni ng'ombe wenyewe, watamfuata anayewanywesha.

Mashine haigawanyiki. Itakaa kwa Mourine, kwa sababu masikio yake yanaijua, na mkono wa kuitengeneza utakuwa wa Levi, kwa sababu amesomea. Mmoja asiifungue bila mwenzake. Najua ninalolifanya, msinitazame hivyo. Wazee walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune; mimi nimewapa kapu moja lenye mishikio miwili.

Lakini, Levi, hiyo kapasita usiifunge kwanza. Umesikia? Subiri. Siku yangu itakapofika, ichomekeni hapo uani, kwaya iimbe, na mchungaji akiinua mkono msikimbilie ukutani, wala mtu asiguse waya wa spika. Mwende nyote wawili. Vidole vya wote wawili juu ya swichi ile nzee. Muizime. Ilie kwa mara ya mwisho. Asiyejua aruke, si kitu. Leonida ataijua. Atatia unga.

Kisha, Levi, uchukue udongo... mara mbili. Wangu mmoja. Mwingine wa mama yako, ule uliobaki mkononi mwako miaka yote hii. Mle sahani moja. Halafu ndipo mfunge hiyo dawa yenu, watu wa harusi wapumzike.

Mniko. Wewe usiruke.

Nimechoka sasa. Shikeni mikono yangu, huku mmoja, huku mwingine. Nyumba zenu zisikose moto wala mgeni. Watoto wenu wagombane kidogo na wapatane upesi. Ziwa liwape samaki, udongo uwape mihogo, na Mungu, aliyewakusanya asubuhi hii, asiwatawanye jioni. Oriti, kwaherini, wanangu. Izimeni... hapana, iacheni. Iacheni iimbe kidogo.

*

Haya ya mwisho naongeza mimi, Mniko, niliyekuwa shahidi, kwa sababu aliyeusia hawezi kusimulia kilichofuata.

Tulimzika Elkana Osoro Jumamosi, upande wa kulia wa mkewe. Mchungaji alipoinua mkono, Mourine na Levi walikwenda pamoja kwenye mashine wakaweka vidole juu ya swichi moja, dada akikibana kidole cha Levi kwa chake. Wakaizima. Ikalia pah, watu wakashtuka, mtoto mmoja akacheka, na Levi akainama akachukua udongo kwa mikono miwili. Mmoja akautupa kaburini mwa baba yake. Mwingine akautembeza hadi kaburi la mama yake, akauweka polepole kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Walikula sahani moja. Jogoo alifika kwa Motari. Jumatatu Levi alifungua lile sanduku, Mourine akimshikia tochi na kumwambia anakosea. Wakabadilisha swichi, wakafunga kapasita, wakacheza wimbo mmoja, kisha Mourine akaizima. Kimya. Nao wakabaki wameinama pale pale, wote wawili, wakisubiri.

Kuhusu mimi, nilimwahidi rafiki yangu kwamba sitaruka. Niliruka.